Mlango unaofunguliwa kwa simu, jengo la biashara Malindi: niweke mfumo gani?

#1 Bin Casuarina

Jioni njema wadau. Naomba tulijadili hili kwa kina, maana fundi wa plasta anaanza wiki ijayo na ukuta ukishafungwa sitaki mtu aje na patasi kuutoboa tena.

Jengo letu la familia liko Barabara ya Lamu, Malindi, ghorofa tatu. Maduka ya chini kila moja lina mlango wake, hayo tuyaache. Ninaouzungumzia ni mlango wa kando unaopanda ngazi. Juu kuna kliniki ya meno, ofisi ya wakili, wahasibu, kampuni ya safari za watalii, na chumba cha mbia wetu ambaye nusu ya mwaka huwa kwao Italia. Mchana mlango uko wazi. Saa kumi na mbili jioni tunaufunga. Kuanzia hapo nataka mgeni abonyeze kitufe cha ofisi anayoitaka, simu ya mwenye ofisi ilie popote alipo, wasikizane, abonyeze namba, mlango uachie.

Nimeonyeshwa vitu vitatu. Kuna kisanduku chenye laini ya simu ndani yake, kinapiga namba za kawaida. Kuna cha nyaya, kila ofisi inawekewa mkono wa simu ukutani. Na kuna cha intaneti chenye kamera, kinalia kwenye programu ya simu. Kila muuzaji anasifu chake.

Kilichonitia shaka ni cha jirani yangu. Amefunga hicho cha laini. Mlango wake nao mchana huwa wazi. Asubuhi fundi alipokijaribu siku ya kukifunga kilikuwa sawa kabisa. Jioni simu inalia, mnaongea vizuri, unabonyeza 9, mlango hautii. Mara nyingine unatii, mara nyingine mgeni anabaki nje anagonga kwa ngumi. Fundi wake anasema ni mtandao. Kweli ni mtandao? Nikijua hilo nitajua cha kununua.

#2 Fundi Nyaya

Karibu. Kabla ya kuulizana kisanduku gani, tuambie kitasa gani. Watu hununua sanduku la kupendeza kisha wanalifungia kitasa cha bei rahisi na waya mwembamba. Sanduku kazi yake ni kutoa amri tu. Anayefungua mlango ni kitasa, na kitasa kinakula stima.

Uliza vitu vitatu kwa jirani: kitasa ni cha sumaku au ni kile cha kwenye fremu kinachoachia ulimi? Adapta yake iko wapi? Waya ni upi na una urefu gani?

#3 Shangazi Watamu

Mimi ninacho cha laini kwenye geti la nyumba za kupangisha na sina lalamiko. Wapangaji wangu namba zao zimo ndani. Mtu akifika na gari analiflashi geti, lenyewe linaikata simu, linafunguka. Hakuna kredi inayokwenda. Wageni wa kawaida ndio wanaobonyeza kitufe, na hapo kredi inakatwa kwenye laini ya geti. Laini hiyo naisambazia kila mwisho wa mwezi kama ninavyowasambazia wanangu walio chuo.

Bin Casuarina, chukua hicho cha laini usisumbuke.

#4 Simu Mkononi

Fundi wa jirani hajakosea sana. Nieleze kinachotokea.

Unapobonyeza 9 kwenye simu ya mkononi, simu yako haitumi mlio. Inautumia mtandao ujumbe kwamba 9 imebonyezwa, na mtandao ndio unaotia mlio kwenye mazungumzo. Mlio huo ni sauti mbili kwa pamoja, 852 na 1477 hezi kwa namba 9. Ndio mfumo ule ule uliotoka Marekani mwaka 1963 na simu za vitufe. Sasa mlio unasafiri hadi kwenye kisanduku kama sauti ya kawaida, na sauti ya simu ya mkononi hubanwa ili watu wengi watoshee. Jioni mnara ukijaa, sauti hubanwa zaidi. Wewe na mgeni mtaelewana bila shida kwa sababu sikio la binadamu linasamehe. Kisanduku hakisamehi: sauti moja ikipinda kidogo, kinaona hakijasikia namba yoyote.

Ongeza kelele za tuktuk zinazoingia kwenye maikrofoni ya mlangoni wakati huo huo. Jioni pale Barabara ya Lamu mnazijua.

Dawa: bonyeza namba ukaishikilia kidogo, usiiguse tu. Na nunua kisanduku kinachokubali njia ya pili ya kufungua, kwa mfano kupigiwa na namba inayotambulika kama alivyosema Shangazi. Hapo hakuna mlio unaohitajika, kinasoma namba ya mpigaji tu.

#5 Mzee Barani

Salaam. Mlango wa huyo jirani unaangalia wapi?

#6 Bin Casuarina

Asanteni. Nimempigia jirani sasa hivi.

Fundi Nyaya: kitasa ni cha kwenye fremu. Adapta iko chumba cha mita, ghorofa ya pili, kwa hiyo waya unashuka kama mita 30 mpaka mlangoni. Waya ni ule mweupe wa kengele za wezi, wenye nyuzi sita ndani.

Mzee Barani: unaangalia baharini, na unafunguka kwa ndani.

#7 Fundi Nyaya

Hapo hapo! Sihitaji hata kufika.

Waya wa kengele wa kawaida ni milimita mraba 0.22. Mita 30 kwenda na 30 kurudi ni 60, ukinzani wake, yaani unavyoizuia stima, unakaribia omu 4.7. Kitasa cha volti 12 kinachovuta nusu ampea kina omu 24. Fanyeni hesabu: adapta ikitoa 12 kamili, mlangoni zinafika kama 10 tu. Na nguvu ya koili, ile sumaku ndani ya kitasa, haishuki sawa na volti, inashuka haraka zaidi. Utabaki na nguvu asilimia 70 hivi. Kitasa kipya kitafanya kazi kwa shida. Kikishaingia chumvi, hakitoki.

Waya wa 1.5, ule wa taa, kwa urefu huo huo ukinzani haufiki hata omu moja. Mlangoni zinafika volti 11.6 na zaidi. Tofauti ya bei ya waya ni ndogo mno ukilinganisha na aibu ya mgeni kubaki nje.

Na jihadharini na waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ukwangueni kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisheni dukani.

#8 Simu Mkononi

Fundi, hesabu yako siipingi. Lakini ukinzani wa waya haujui saa. Mita 30 za mchana ni mita 30 za usiku. Kwa nini mchana kinafungua na jioni kinakataa?

#9 Kaa Chonjo

Kwa sababu jioni stima yenyewe inashuka. Kila mtu amewasha taa, feni, jiko, hoteli zimewasha viyoyozi. Kwetu Maweni taa zinapungua mwanga kwa macho kabisa ikifika saa moja. Adapta mbovu ikipata stima pungufu nayo inatoa pungufu.

#10 Fundi Nyaya

Adapta za kisasa zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240, hazijali stima ikishuka kidogo. Zile nzito za zamani zenye transfoma ndani, hizo ndiyo zinafuata ukuta. Kwa hiyo Kaa Chonjo uko sawa kama jirani ana adapta nzito. Apime uzito wake mkononi atajua.

#11 Mzee Barani

Mmeniacha nyuma na hezi zenu. Mlango unaangalia baharini, unafunguka kwa ndani. Upepo wa bahari hapa unapata nguvu alasiri mpaka jioni. Upepo unausukuma mlango ndani, ulimi wa kitasa unabanwa kwenye fremu. Kile cha umeme kinataka kuachia lakini kimekaliwa. Mwambieni huyo mgeni aliye nje auvute mlango kwake kidogo wakati mwenzake anabonyeza. Utafunguka.

Nimeishi na milango ya Malindi tangu ujana. Kusi likianza kuvuma hata komeo la mbao linakataa, sembuse hicho.

#12 Simu Mkononi

Na mchana upepo haupo?

#13 Mzee Barani

Mchana mlango uko wazi, mwanangu. Nani atajua kama umekataa kufunguka? Fundi alikijaribu asubuhi siku ya kukifunga, bahari ikiwa imelala. Msome tena Bin Casuarina alichoandika pale juu.

#14 Shangazi Watamu

Mzee amewapiga bao 😄

#15 Binti Maweni

Naomba niingie kama mtu anayekaa mapokezi. Nafanya kazi kliniki, si hiyo ya kwenye jengo hili. Tumewekewa kitu kama hiki na shida yetu kubwa haikuwa volti.

Kwanza, simu inampigia nani? Ilipofungwa, kitufe chetu kiliwekewa namba ya daktari. Daktari ana glavu mikononi na mgonjwa kafungua mdomo, atashikaje simu? Mgonjwa wa saa kumi na mbili na nusu anasubiri nje na jino linamuuma. Ikabidi tuombe kitufe kipige namba kwa zamu: mapokezi kwanza, isipopokelewa inakwenda kwa msaidizi, kisha kwa daktari. Si kila kisanduku kinaweza hivyo. Uliza kabla hujalipa.

Pili, wazee wetu. Bibi akifika mlangoni anapiga hodi. Anapiga hodi mara tatu, akinyamaziwa anaondoka, ndiyo adabu aliyolelewa nayo. Hatabonyeza kitu chenye taa ya buluu asichokijua. Sisi tumeandika kwa herufi kubwa "KLINIKI, BONYEZA HAPA" na tumechora jino. Kitufe kimewekwa usawa ambao hata aliye kwenye kiti cha magurudumu anakifikia. Visanduku vya kuchagua jina kwenye skrini, ushuke na upande kwa mishale, mimi sivitaki kabisa kwa mahali panapokuja wagonjwa.

#16 Boda wa Shela

Binti Maweni nakuunga mkono kwa mikono miwili. Sisi tunaopeleka chakula na vifurushi tunateseka. Karatasi za majina zimepauka kwa jua, huoni kitu. Unabonyeza cha kwanza, unamwamsha mwenye nyumba aliye Ulaya, anakuuliza wewe nani. Unabonyeza vyote mpaka mmoja afungue bila kuuliza.

Mwenye jengo, chonga majina kwenye bati. Karatasi ndani ya plastiki haimalizi mwaka hapa pwani.

#17 Wakili wa Mtaa

"Mpaka mmoja afungue bila kuuliza." Hapo ndipo mfumo mzima unapoanguka, na ndiyo sababu mimi nimependa kamera. Lakini kamera ina masharti yake.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kisanduku kinachopiga picha kila anayesimama mlangoni na kuzihifadhi kinakusanya taarifa za watu. Kuna unafuu wa kutojisajili kwa Kamishna wa Data kwa biashara yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, lakini unafuu huo hauwagusi wanaoendesha kamera za ulinzi, wala wanaosimamia majengo, wala wanaotoa huduma za afya. Jengo la Bin Casuarina linagusa yote hayo. Weka tangazo mlangoni kwamba pana kamera, amueni picha zinakaa siku ngapi, na anayeziona awe mtu anayejulikana.

La pili linahusu hivyo vya laini. Vingi hupangwa kwa ujumbe mfupi: unatuma namba ya siri na amri, kinaongeza au kinafuta namba. Vingi vinatoka kiwandani na namba ya siri kama 1234, na fundi anaiacha hivyo hivyo. Yeyote anayeijua laini ya mlango anaweza kujiongeza. Ibadilisheni siku ya kwanza. Kisha kila mpangaji anapohama au mfanyakazi anapoachishwa, namba yake ifutwe siku hiyo hiyo. Nimeona jengo ambalo mfanyakazi aliyefukuzwa aliendelea kuingia kwa muda mrefu, kwa simu yake mwenyewe, hakuna aliyekumbuka kumtoa.

#18 Shangazi Watamu

Wakili umenishtua. Kesho naenda kuangalia orodha yangu.

#19 Askari Mstaafu

Hakuna aliyetaja moto. Nimelinda majengo ya biashara maisha yangu yote ya kazi na hili ndilo linaloniuma.

Atakayekushauri sumaku muulize mambo mawili. Sumaku inashika mlango wakati wote stima ipo; ile ndogo inashika kama kilo 280. Stima ikikatika inaachia. Ni nzuri kwa moto lakini mwizi akikata stima kaingia. Kwa hiyo watafunga betri. Betri ya ampea-saa 7 kwa sumaku ya nusu ampea ni saa 14 kwenye karatasi, na kwenye maisha ni pungufu sana ya hapo, hasa ikizeeka kwa joto letu. Na sasa, kukiwa na moto na stima ya jengo imezimwa, betri inaendelea kuushika mlango watu wakiwa ndani. Lazima pawe na kitufe cha kutokea na kile kisanduku cha kioo cha kuvunja kinachokata waya wa sumaku moja kwa moja, kisipitie kwenye mtambo.

Kile cha kwenye fremu, aina inayobaki imefungwa stima ikikatika, ni tofauti. Aliye nje hawezi kuingia, lakini aliye ndani anashika mkono wa mlango anazungusha anatoka, gizani, bila stima, bila kumuuliza mtu. Kwa ngazi yenye ofisi juu ningechagua hicho, kwa sharti moja: mkono wa ndani usiwe wa kufungwa na ufunguo. Nimeshawahi kuona mlango wa jioni umefungwa na kitasa cha umeme, na juu yake mnyororo na kufuli. Ukiuliza unaambiwa "usalama". Wa nani?

#20 Fundi Nyaya

Mzee Askari, heshima yako. Hilo ningelianza nalo mimi.

Nyongeza: hicho cha kwenye fremu kinavuta stima sekunde chache tu za kufungua. Betri hiyo hiyo ya 7 inalisha kisanduku tu muda mwingine wote.

#21 Mvita Damu

Watu wa Malindi kuulizana namna ya kufunga mlango! Nyinyi si ndio mliomfungulia Vasco da Gama 1498 bila hata kumuuliza jina? Sisi Mombasa tulimkatalia mlangoni.

#22 Mzee Barani

Tulimuuliza jina, tukampa na rubani wa kumvusha mpaka India. Ndiyo maana nguzo yake iko kwetu na watalii wanakuja kwetu. Endelea kufunga milango yako.

#23 Nahodha wa Amu

Nisalimie kutoka Amu, yaani Lamu. Nina nyumba ya wageni upande wa Mkomani, na ofisi ndogo mbele. Nataka kueleza ya kwetu kwa sababu kuta zetu zinafundisha kitu.

Mji wa kale wa Lamu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Mlango wa nje ni wa kuchonga, wa mababu, na hakuna atakayeniruhusu kutoboa hata tundu la msumari, wala mimi sitaki. Tukaacha mlango huo kama ulivyo, mchana wazi, mgeni anaingia mpaka kwenye daka, ule ukumbi wa mlangoni, na kukaa barazani kama desturi. Kitasa cha umeme tukakifunga kwenye mlango wa pili wa ndani, ambao ni wa mbao za juzi.

Sasa shida: kuta za matumbawe ni nene. Kisanduku cha laini ndani ya daka kilikuwa hakipati mnara, kinapata na kupoteza. Simu zilikatika katikati ya maneno. Tulipotoa antena kwa waya mpaka juu ya paa la makuti, kikawa mzima. Kwa hiyo ndugu yangu wa Malindi, kabla ya plasta, pitisha paipu tupu kutoka mlangoni mpaka darini. Hata usipoitumia. Na usikubali antena ifichwe ndani ya sanduku la chuma, chuma kinaikaba.

#24 Boda wa Shela

Amu wana raha. Mgeni anabebwa na punda mpaka mlangoni, punda ndiye anayepiga hodi.

#25 Nahodha wa Amu

Punda hapigi hodi, anaingia tu. Na hamna kisanduku kitakachomzuia 😂

#26 Kijana wa Ngomeni

Naona intaneti imekosa wakili hapa. Mimi ningeichagua.

Shangazi anasema laini haina shida, lakini ni laini ya kizazi gani? Visanduku vingi vya bei nafuu ni vya 2G peke yake. Marekani, AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa 2017, na kila kifaa kilichokuwa kwenye mtandao wake kikitegemea 2G, kengele, geti, mita, kikabaki bubu. Hapa kwetu 2G bado inafanya kazi, lakini mtambo wa mlango unaufunga ukae miaka kumi au zaidi. Ukichukua cha laini, chukua cha 4G kinachoweza kupiga sauti kupitia 4G. Vingine vimeandikwa 4G lakini ni ya data tu, sauti inarudi 2G. Uliza muuzaji swali hilo kwa maneno hayo hayo.

Mbia wa Italia naye: kisanduku cha laini kitampigia namba ya nje, kredi itayeyuka. Cha intaneti kinamlilia kwenye programu, anamwona mgeni, anafungua akiwa Milano, bila gharama ya simu ya kimataifa. Na kebo moja ya mtandao inabeba data pamoja na stima ya kisanduku.

#27 Binti Maweni

Kijana, rauta ikizimika je? Na hizo programu simu ikilala hazilii. Bosi wetu mmoja alikuwa anapata taarifa kwamba mgeni amefika wakati mgeni ameshafika nyumbani kwake.

#28 Kijana wa Ngomeni

Rauta iwekwe kwenye betri pamoja na kisanduku, si jambo kubwa. Kuhusu simu kulala, unaingia kwenye mipangilio unairuhusu programu isizimwe na kiokoa betri. Ni kweli lazima ufanye hivyo kwa kila simu ya kila mpangaji, na simu mpya ikinunuliwa unarudia. Sikatai.

#29 Kaa Chonjo

Na kutu? Cha jirani yangu nilikifungua kifuniko, vichwa vya skrubu vimeota ukungu wa kijani, waya ukiugusa unakatika kama unga. Kiliandikwa IP65 kabisa.

#30 Fundi Nyaya

IP65 ni kuzuia vumbi na maji ya kurushwa kwa mpira. Haisemi chochote kuhusu chumvi. Kwa umbali wetu na bahari tafuta uso wa chuma cha pua aina ya 316, ile 304 inaota madoa ya kahawia. Silikoni pakeni juu na pembeni, chini muache wazi jasho litoke. Wengi wanaziba pande zote nne, unyevu unafungiwa ndani. Na viungo vya waya visiachwe uchi, vitiwe vile viunganishi vyenye grisi ndani.

#31 Bin Casuarina

Wakuu, nimefika kwa jirani jioni ya leo na fundi wangu, upepo upo. Niwape tulichokiona.

Tulipima mlangoni: kitasa kikivuta, mita inasoma volti 9.7. Adapta ni nyepesi, si ya transfoma. Tukabonyeza 9, kitasa kikalia "tik" lakini hakikuachia. Fundi akauvuta mlango kwa nje kama alivyosema Mzee Barani, tukabonyeza tena, ukafunguka. Tukarudia bila kuuvuta, ukakataa. Nikasema basi tumemaliza, ni upepo.

Kisha nikapanda juu nikapiga tena, mgeni kauvuta mlango vizuri, nikabonyeza 9, na safari hii hata "tik" haikusikika. Nikabonyeza tena na kuishikilia, ikalia.

#32 Mzee Barani

Nilisema.

#33 Fundi Nyaya

Volti 9.7! Ungekuwa na 11.6 kitasa kingeshinda upepo. Chanzo ni waya, upepo umeongezea tu.

#34 Simu Mkononi

Na ile ambayo haikulia kabisa? Waya mnene hautaifanya sanduku isikie 9.

#35 Kaa Chonjo

Kwa nini hamsemi ni kitasa cha bei rahisi? Kuna vitasa vilivyotengenezwa kuachia hata mlango ukiwa umesukumwa. Na vile vya zamani vya stima ya kupishana (AC) vilivyokuwa vinanguruma "zzzz", ule mtetemeko ulikuwa unausaidia ulimi kuteleza. Hivi vya kimya vya leo vinabanwa.

#36 Fundi Nyaya

Hilo la mtetemeko ni kweli. Lakini bado waya.

#37 Bin Casuarina

Nawashukuru. Naona hamtaelewana na mimi plasta haisubiri, kwa hiyo nafanya hivi: naingiza waya wa 1.5 kwa kitasa, kebo ya mtandao ya shaba tupu mpaka mlangoni, na paipu tupu mpaka darini kwa antena kama alivyoshauri Nahodha. Kitasa ni cha fremu, aina inayovumilia kusukumwa, mkono wa ndani huru kama alivyosema Askari. Kisanduku nitachukua cha laini ya 4G chenye vitufe halisi vyenye majina ya kuchongwa, kipige kwa zamu. Nikitaka intaneti baadaye kebo ipo. Kitufe cha mbia wetu wa Italia kitawekewa namba ya msaidizi wake wa hapa.

Swali la mwisho: hiyo simkadi niisajili kwa jina langu?

#38 Shangazi Watamu

Usithubutu. Sajili kwa jina la kampuni ya jengo. Laini ikiwa ya mtu, mtu akiondoka mlango unaondoka naye. Na hata kama watu wote wanaflashi tu, kila baada ya muda itie kredi na uifanye ipige simu, laini isiyotumika huzimwa na namba akapewa mwingine.

#39 Wakili wa Mtaa

Sahihi kabisa. Na orodha ya namba zilizomo ichapishwe, ikae ofisini, isiwe kwenye kichwa cha fundi.

#40 Mzee Barani

Bin Casuarina, mlango wako wewe unafunguka ndani au nje?

#41 Bin Casuarina

Ndani, Mzee. Na unaangalia baharini pia.

#42 Mzee Barani

Ugeuze ufunguke nje kabla fremu haijashikwa na saruji. Upepo utausukuma kwenye kizuizi cha fremu, ulimi utakuwa huru.

#43 Askari Mstaafu

Namuunga mkono Mzee, na kwa moto pia ni bora, watu wanasukuma wanatoka.

#44 Boda wa Shela

Nje ni njia ya watu, mtatuvunja pua. Kama mnageuza, rudisheni mlango ndani kidogo, pawe na nafasi.

#45 Fundi Nyaya

Na ukifunguka nje bawaba zinakaa upande wa barabarani. Nunua zile ambazo pini yake haitoki, la sivyo mwizi hatahitaji simu. Bin Casuarina, piga picha za paipu zote kabla ya plasta, na futi kamba ionekane kwenye picha.